Seti ya biti za kutolea skrubu zilizolika kichwa: nne zilikuwa zinanisubiri, imetoa moja

Nianze na kosa langu kwanza maana nalo lipo. Nlikuwa nafungua kava ya klachi ya pikipiki, Mjapani wa zamani, skrubu tisa zote za nyota, na mimi nikachukua bisibisi yangu ya nyota ileile ninayofungia kila kitu nyumbani nikaanza kunyonga. Tano zikatoka. Ya sita bisibisi ikaruka, nikakandamiza tena ikaruka, mara ya tatu ile nyota ikawa shimo la duara linalong'aa. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda kwenye ya saba, ya nane, ya tisa, zote zikalika vilevile.

Ndo nikaagiza hii seti. Ni vipande vinne, saizi ndogo hadi kubwa, kila kimoja kina ncha mbili: upande mmoja wa kuchimba na upande wa pili una hesi nene zilizopinda kushoto. Unafunga kwenye drili, unaiweka izunguke kinyume, unachimba kwanza kashimo ka umbo la koni kwenye kichwa, halafu unageuza biti, ile hesi ya kushoto inang'ata na kadiri inavyozidi kung'ata ndo skrubu inafunguka. Kwa kuambiwa inaeleweka kabisa na wala sio uongo. Ila ile video ya tangazo bwana, skrubu imefungwa kwenye ubao! Ubao! Skrubu ya mbao hata kwa plaisi inatoka, yangu imekaa kwenye aluminiamu miaka na miaka inapikwa na oili ya moto kila siku.

Skrubu ya kwanza nilichimba kwa spidi kubwa, moshi ukatoka, nikajua kazi inaenda kumbe naiua ncha ya biti. Nikapunguza, drili ikawa inazunguka polepole sana, nikaegemea na kifua kabisa, na kweli ile ncha ya pili ikang'ata, ikalia kaa! skrubu ikazunguka. Nilifurahi mpaka nikamuita mtu aje aone. Hapo ningekuwa nimeandika maoni yangu palepale ningetoa nyota tano na maua.

Ya pili haikung'ata kabisa, ikawa inasugua tu inazidi kulisafisha lile shimo, unatoa unaangalia unaona kioo. Nikaiacha. Ya tatu sasa. Nlikuwa nimeshapata hasira, nikaweka drili nguvu yote, ikang'ata vizuri mno, skrubu ikakataa, biti ikakatika. Yaani ncha imebaki mle ndani ya kichwa imejikaza, nami nimeshika kisiki. Na hiki ndo kitu ambacho maelezo ya kwenye boksi hayakisemi: hivi vitu ni chuma kilichokomazwa sana ili king'ate, na chuma kigumu namna hiyo hakipindi, kinavunjika. Kikishavunjikia ndani biti yako ya kawaida ya drili haikichimbi, inateleza juu yake na kulika yenyewe. Nimejua baadaye kwamba sehemu hii ya kung'ata ni bora uizungushe kwa mkono, kwa kishikio kile cha umbo la T, maana mkono unahisi ikianza kukaza kupita kiasi unaacha, drili haina huruma.

Kuna mzee mmoja jirani, fundi aliyestaafu, alikuja kuazima pampu akanikuta nimekaa chini nimekishika kile kisiki cha biti. Akachuchumaa, akachukua mojawapo ya zile tano zilizotoka, akafuta oili kwa kidole gumba, akanionyesha kidoti kidogo kimegongwa kwenye kichwa pembeni ya nyota. "Kijana, hii si nyota ya bisibisi yako." Kumbe Wajapani walikuwa na kipimo chao cha nyota, JIS, ukiitazama kwa haraka ni sawasawa na Phillips, ile nyota ya kawaida ya bisibisi za nyumbani, lakini kona za ndani ni tofauti, kwa hiyo ncha ya Phillips haizami hadi chini, inabaki imening'inia juu kidogo, ukinyonga kwa nguvu inapanda na kuruka, na kila ikiruka inaondoka na chuma. Mimi miaka yote nalaumu skrubu laini.

Akaniletea bisibisi yake ya kugonga. Ni dude zito la chuma, unalishika kama nyundo fupi, kuna ncha mbele, unaliweka upande wa kufungua, unalizungusha kwa mkono kwanza mpaka likaze lisiwe na uchezaji, halafu unapiga nyundo nyuma. Pigo moja linafanya vitu viwili kwa wakati mmoja, linaisukuma ncha ndani isiruke na linaizungusha. Kabla ya hapo aliigonga skrubu yenyewe kichwani mara kadhaa, akasema unavunja ile kutu ya aluminiamu na chuma iliyoshikana, akaipasha na mashine ya kupuliza upepo wa moto, kwa sababu aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa hiyo tundu linalegea kabla ya skrubu. Akapaka ncha dawa ya kusagia valvu, ile yenye mchanga, ili ishike. Mapigo mawili. Mawili tu! Ile ya pili ikalegea, na ya nne nayo vivyo hivyo, nikabaki namuangalia.

Ile yenye biti ndani ndo ilinipa kazi. Nikaziba pembeni na kitambaa chenye grisi chembe zisiingie kwenye injini, nikasaga ukingo wa kichwa na kigrinda kidogo mpaka ukawa mwembamba, nikapiga tindo kwa ubavu kikang'oka. Kava ikachomoka, mwili wa skrubu ukabaki umesimama kama msumari. Sasa cha ajabu, ule msumari ulibaki umejitokeza kama sentimita mbili, nikaushika na praya ya kung'ata ukatoka mwepesi, karibu kwa vidole. Kichwa ndicho kinachokandamiza, kikishaondoka mkazo wote umeisha.

Kwa hiyo hii seti naipa nyota mbili na nusu. Kwa skrubu iliyolika lakini haijashikana na kutu, saizi ya milimita 5 au 6, inafaa, spidi ndogo na ukandamize haswa. Ile biti ndogo kuliko zote ni urembo. Kwa injini ya zamani anzia kwenye bisibisi ya kugonga yenye ncha sahihi, nimeshanunua yangu, seti ije baada ya hapo. Ila kwenye kabureta usithubutu kugonga, ile bodi inapasuka, pale ni ncha ya JIS na mkono, wala usipashe joto maana kuna petroli.

Zote tisa nimebadilisha nikaweka bolti za alenki za milimita 6, grisi ya kuzuia kushikana kidogo kwenye hesi, nimekaza kama Nm 10 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Nilichora kava kwenye katoni nikachomeka kila skrubu kwenye tundu lake maana urefu haulingani, ukiweka ndefu kwenye tundu fupi inagota chini na kava haikazi, ukiendelea kunyonga unapasua aluminiamu.

Kile kichwa nilichong'oa kiko kwenye kopo la nati, bado kimeishikilia ile ncha ya biti, nimejaribu kuvitenganisha na vaisi na nyundo na vimekataa. Mzee kila akipita anauliza ndoa yao inaendeleaje.