Dakika tano za kuoga: uzoefu wangu wa kukaa na familia mwenyeji Leipzig

Nilitaka kuandika maoni haya tangu wiki ya kwanza, nikajizuia kwa kuwa hasira ilikuwa bado mbichi. Sasa miezi imepita, na ninakiri kwamba haijapoa kama nilivyotarajia. Huduma ninayoizungumzia ni ya kampuni moja inayowatafutia wanafunzi wageni familia za kuishi nazo nchini Ujerumani kabla hawajapata vyumba vyao. Kwenye tangazo lao kulikuwa na picha ya meza yenye keki na bibi anayetabasamu, na chini yake ahadi kwamba utapokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Nilifika Leipzig katika majira ya baridi yaliyofuata kukatika kwa gesi ya Urusi mwaka 2022, wakati ambapo hata ofisi za umma ziliamriwa zisipashwe joto kupita nyuzi 19. Uzito wa jambo hilo sikuuelewa. Nilichokiona mimi ni kwamba pembeni mwa sinki la bafuni palikuwa na saa ndogo ya jikoni yenye umbo la yai, ile unayoizungusha ikahesabu na hatimaye ikalia, nami kwa ushamba wangu nikadhani kuna mtu aliyeisahau pale.

Siku ya nne au ya tano hivi nilifumua nywele. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba kichwa kilichokaa na rasta wiki sita hakioshwi kwa kumwagiwa maji mara moja ukatoka. Nilikuwa nimesimama chini ya bomba, povu limenijaa hadi masikioni, mlango ulipogongwa kwa kiganja, mara tatu. Alikuwa mwenyeji wangu, nami nikaitika kama ninavyomwitikia mwanamke yeyote wa umri wake: "Abee, mama." Sauti ikanijibu kwa Kijerumani cha polepole, ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa: "Mimi si mama yako, na dakika tano zimekwisha." Kabla sijatafuta la kujibu, maji yakawa baridi ghafla. Alizima mtambo wa kupasha maji au ulijizima wenyewe, hilo hatukuwahi kulizungumza.

Nimekulia Dodoma. Nyumbani kwetu kuna miaka tulinunua maji kwa madumu, nami nilijifunza kuoga mwili mzima, nywele zikiwemo, kwa ndoo moja na kopo, na maji ya kusuuzia miguu yakabaki. Leo mtu kama mimi ndiye wa kuambiwa kwamba ninachezea maji! Kesho yake nilinunua ndoo, nikaiweka bafuni mahali ambapo lazima aione, na kwa wiki nzima niliogea humo, nikitoka kabla ile saa haijalia. Hakusema neno. Kila nilipotoka aliingia akafungua dirisha lote, na nje theluji, ili unyevu usilete ukungu ukutani. Baadaye nilijua kwamba nyumba nyingi za huku hufanya hivyo, lakini wakati ule niliona kama ananifukuza kwa upepo. Chakula cha jioni, mkate mkavu na jibini, sitakisemea, wapo wanaokipenda.

Nilikuwa tayari kumpa nyota moja, na hiyo moja ni ya ndoo.

Tatizo ni lile suala la kujiandikisha. Kwa sheria ya Ujerumani, anayehamia nyumba anapaswa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba anaishi pale. Bila hayo, mambo ya kibali cha ukaazi hayasogei. Kampuni, ambayo ilishachukua ada yake yote, ilinijibu kwa mistari miwili kwamba hilo ni jambo kati yangu na familia. Nikamwekea karatasi mezani huku nimenuna. Akaisoma, akatia saini, na asubuhi yake akavaa koti akanifuata hadi kwenye tramu, ingawa hakulazimika. Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, na karani alipoanza kunikimbiza kwa maneno, yule mama (nitamwita mama, apende asipende) alimwambia aseme taratibu, kwa kuwa binti huyu anaelewa akipewa nafasi.

Tuliporudi alitoa kwenye droo ankara ya gesi. Malipo yake ya mwezi yalikuwa yamepanda zaidi ya maradufu, ilhali kampuni ilikuwa ikimlipa kwa ajili yangu kiasi kilekile kilichokubaliwa kabla bei hazijapanda. Mimi nilikuwa na barua yao inayosema kwamba maji ya moto yamo kwenye kodi. Tuliziweka karatasi mbili kando kwa kando, akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu.

Kampuni hiyo haipati hata nusu nyota, na amana yangu bado wameikalia. Anayetaka kwenda kwao adai kwa maandishi nani analipia maji ya moto na nani atatia saini ile karatasi. Mwenyeji nilikuwa nimeshamwandikia nyota nne. Siku ya kuhama alinifuata hadi kwenye ngazi akanipa ndoo yangu niliyoisahau, akasema itanifaa, bila hata kutabasamu. Lakini samahani kwa ule mlango sikuisikia siku ile, wala kwenye tramu, wala pale kwenye ngazi. Nyota tatu. Hapana, mbili na nusu.