Kipimo cha Mafuta Yanayoelea Kisimani: Tathmini baada ya Misimu Miwili

Kwa misimu miwili nimetumia kipimo cha utepe kinachoshushwa ndani ya visima vya uchunguzi ili kubaini kama kuna petroli au dizeli inayoelea juu ya maji ya chini ya ardhi. Kichwa chake hutoa mlio usiokatika kinapogusa mafuta na mlio wa kukatikakatika kinapofika majini, kwa kuwa mwanga hukijulisha kwamba kimezama, nao umeme, ambao maji huupitisha na mafuta huuzuia, hukijulisha kimezama katika nini. Utepe una alama za milimita, na vipimo nilivyovirudia havikupishana kwa zaidi ya milimita 2, mradi uso wa mafuta niusome nikishusha na mpaka wa maji niusome nikipandisha polepole. Anayesoma yote mawili akishusha huyasukuma mafuta pamoja na kichwa, akapata tabaka nene kuliko lilivyo.

Usafishaji ndio unaochosha. Mafuta hujificha pale utepe unapoungana na kichwa, hivyo mimi huanza na kisima kilicho safi zaidi na kumalizia na kilichochafuka kuliko vyote. Waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini, nao ni mfupi mno, ilhali bila huo cheche ya umeme tuli inaweza kuwasha mvuke wa petroli.

Unene unaosomwa, hata hivyo, ni wa kisimani, wala si wa udongoni; katika udongo wenye chembe ndogo tofauti huwa kubwa. Kina cha maji kikishuka, mafuta hujikusanya kisimani. Kikipanda, hunaswa katika vinyweleo vya udongo na kutoweka machoni. Kisima kimoja kilichokuwa na sentimita 40 za petroli kilibaki na utando tu baada ya mvua, na mteja wangu akafurahi mapema mno. Isitoshe, sentimita 40 hizo huyadidimiza maji kwa takriban sentimita 30, kiasi ambacho ni lazima kirudishwe kwa hesabu kabla ya kuchora mwelekeo wa mtiririko, na kipimo hakikufanyii hesabu hiyo.

Benzini, kemikali yenye sumu iliyomo katika petroli, ikiyeyuka majini kipimo hiki hakiioni kabisa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita moja ya maji ya kunywa, nacho kinaweza kupitwa mara nyingi bila kifaa kulia; hapo hakuna budi kupeleka sampuli maabara. Kwa kufuatilia tanki linalovuja ningekinunua tena, lakini ningedai waya mrefu zaidi.