Nililipia bahari mlangoni, nikakuta mchanga

Nauli ya SGR na tiketi ya boti siziongelei, kila mtu ana simu, atafute. Mimi nina jambo moja tu, maneno niliyojibiwa kwa simu na kijana wa wakala wa safari nikiwa nimesimama Jambiani, Zanzibar, viatu mkononi: "Dada, sasa mimi bahari naitoa wapi?" Halafu akakata.

Mimi ni fundi cherehani, niko Chang'ombe hapa Dodoma. Mimi na baba watoto tuna miaka 11 ya ndoa na hatujawahi kusafiri pamoja kwenda mahali ambako hakuna msiba wala harusi. Tukaweka kibubu. Kila gauni la sherehe lililotoka kwenye cherehani yangu, buku mbili au tano ilizama humo. Tulikivunja mwezi wa nane, au wa tisa ulishaanza, sikumbuki vizuri, ila zabibu zilikuwa zimejaa sokoni maana tulibeba boksi zima la zawadi bila kujua tunampelekea nani.

Kosa letu ni kuogopa kujipangia wenyewe. Kuna huyo wakala wa safari hapa mjini, jina nalihifadhi, ana ofisi ya vioo na bango la bahari ya buluu iliyofika mpaka kizingitini mwa chumba. Kijana wake akatuambia tutalala siku tatu, chai ya asubuhi ndani, na gari la kutupokea bandarini. "Ukifungua mlango, dada, unakanyaga maji." Nilimuuliza mara mbili, akaapa. Akasema tena hiyo ni bei ya chini kwa sababu siyo msimu. Kumbe visiwani bei hushuka masika, Machi mpaka Mei, mvua zikichapa na hoteli nyingine zikifungwa kabisa. Mwezi wa nane Wazungu wako likizo, ndio kwanza bei zimepanda! Ila hilo nililijua baadaye, hela ilishaenda.

Gari la bandarini hatukuliona. Tulisimama nje ya geti pale Malindi ya Unguja, kijana hapokei simu, na dereva teksi wa kwanza alitutajia hela ya kununulia mbuzi. Mzee mmoja wa kahawa akatuonea huruma, akatuelekeza gari za shamba, yaani daladala za kwenda vijijini. Tukapanda 309 ya Jambiani, boksi la zabibu mapajani, baba watoto kajikunja kwa urefu wake maana dari la zile gari liko chini. Kusema ukweli ile safari niliipenda, watu wanasalimiana kama wote wa nyumba moja. Lakini elfu arobaini ya gari nilishailipa Dodoma, na naidai mpaka leo.

Tulifika saa sita kasoro. Chumba kizuri, sidanganyi, shuka safi, chandarua hakina tundu. Nikafungua ule mlango.

Mchanga. Ukimaliza mchanga, mchanga mwingine wenye majani na vidimbwi. Ngalawa zimelala ubavu kama punda waliochoka. Bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mwisho kabisa, mawimbi yanapopasukia mwambani. Baba watoto akaangalia kwa muda, akasema, "Labda wameifunga." Mimi sikucheka. Nikapiga simu, safari hii kijana akapokea, nikamwambia hapa hakuna bahari. Akacheka, jamani. Akacheka, akasema lile la kuitoa wapi, akakata. Nikapiga tena, imezimwa. Niliapa pale pale kwamba nikirudi naandika, na nyota nampa moja kwa sababu sifuri haipo.

Wakati nimekaa kizingitini nimevimba, wanawake walikuwa wanarudi kutoka kule mbali, magunia ya mwani kichwani, wanachuruzika maji. Bi mkubwa mmoja akasimama kupumzika. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamuuliza bahari imekwenda wapi. Alinitazama kuona kama namtania.

"Maji yamekupwa, mwanangu. Jana mwezi ulikuwa mpevu, hili bamvua, yanatoka mbali. Yatajaa kiasi cha saa kumi na moja."

Akaweka gunia chini, akanifundisha. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hutoka sana na hujaa sana. Ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu saa nzima. Wao mwani wao uko kwenye vijiti kule, kwa hiyo bahari ikiondoka ndipo kazi inapoanza. "Kwani kwenu maji hayapwi?" akauliza. Baba watoto akamjibu, "Kwetu yakitoka kwenye bomba, mama, hayasemi yanarudi lini." Alicheka mpaka akashika kiuno. Zile zabibu zikapata mwenyewe.

Na maji yakarudi. Hayakuja kwa kishindo nilivyodhani. Kwanza vishimo vya kaa vilianza kutoa mapovu, halafu maji yakapita kimya kwenye mikunjo ya mchanga, kama chai inayopanda kwenye andazi. Ngalawa zikatikisika, zikainuka moja moja. Saa kumi na moja nilikaa mlangoni na dera langu, maji yananifika magotini, na nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Kwa hiyo kijana hakusema uongo? Ukifungua mlango unakanyaga maji, ni kweli, ukifungua saa kumi na moja. Pale nilimpandisha nyota tatu. Angeniambia tu "angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe", au "kama unataka kuogelea mchana kutwa nenda Nungwi, kule maji hayaendi mbali", ningempa tano na ningemshonea shati. Halafu nakumbuka: bi mkubwa, sijampa hata senti, kaweka gunia lililolowa chini ili anieleweshe. Huyu kala kibubu changu, kanikatia simu. Moja. Basi mbili, kwa sababu ya chandarua.

Wiki iliyopita nilipita ofisini kwake kuhusu elfu arobaini yangu. Akasema kesho. Bango liko pale pale, bahari imefika kizingitini. Nikamuuliza ile picha ilipigwa saa ngapi. Akageuka kuitazama kama vile anaiona kwa mara ya kwanza, akasema hajui, aliitoa mtandaoni.