Insha: kusahihisha nyumbani au kuketi na mtoto?

Ukijitolea kuwafunza watoto wa shule kuandika insha, waweza kubeba madaftari 30 ukayasahihishe nyumbani usiku. Kwa mwenye ajira ni nafuu, na kila "ata" itarudishiwa "h" yake. Ila mtoto hutazama alama tu, akafunga daftari.

Kuketi naye ni kitu kingine. Juzi msichana wa gredi ya sita alianza, "Jua lilichomoza kama ada", mtindo uliobaki tangu enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliokoma 2023. Nikamuuliza: wewe uliona nini? Akafuta, akaandika, "Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinarukaruka." Kwa saa nzima utafikia wanne, labda watano. Nawachagua hao, ingawa madaftari ya wenzao bado yamerundikana mezani pangu.