Mita ya UT210E: kupima feni za rejeta bila kukata waya

Kazi yangu ni umeme wa magari hapa Kondele, Kisumu, na gari likiletwa kwa kuchemka kwenye foleni, kifaa ninachoshika kwanza ni mita hii ndogo ya kubana waya, UNI-T UT210E. Multimita ya kawaida huishia ampea 10, tena ni lazima ufungue waya uiunganishe katikati. Feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia, na hapo fyuzi ya mita yako imeenda.

Hii unaibana kwa nje. Weka kwenye ampea 20 au 100, bonyeza ZERO taya zikiwa zimefungwa bila waya ndani, kisha bana waya mmoja tu wa feni. Ukibana yote miwili pamoja utasoma sifuri, kwa kuwa umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Na ZERO uirudie kila unapohamisha mkono, kwani kihisi chake husoma hata usumaku wa dunia.

Juzi nililetewa Toyota Probox inayobeba abiria njia ya Busia. Fyuzi ya ampea 30 ya feni zake mbili ilikuwa inaungua kila mara.

"Fundi, si uweke tu kubwa kidogo?"

"Hapana, mzee. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya wenyewe."

Tukawasha injini, betri ikasoma volti 14. Feni ya kwanza ilivuta ampea 9.6. Ya pili 22, na bado ilizunguka polepole kuliko mwenzake! Beringi zilikuwa zimekauka, na mota inayokazwa hula umeme zaidi. Tukabadilisha mota hiyo, ya pili nayo ikashuka hadi 10, na fyuzi ya 30 ikabaki palepale.

Upungufu upo. Namba zake ni za polepole, hazinasi ule mshtuko wa kuanza. Taya ni milimita 17 tu, hazimezi fungu nene la nyaya. Kwa feni zinatosha kabisa.

Ukienda kununua, angalia iwe inapima ampea za DC, yaani umeme wa betri. Mita nyingi za kubana wanazotumia mafundi wa nyumba ni za AC pekee, yaani umeme wa nyumbani, na kwenye gari husoma sifuri. Mwombe muuzaji muijaribu kwenye waya wa taa ya gari lililoegeshwa nje: balbu ya wati 55 inatakiwa isome kati ya ampea 4 na 5.