Waya wa spika: upi ununue, upi uachane nao

Niseme mapema tu, waya unabadilisha sauti ukiwa mwembamba kuliko urefu wake unavyodai au maungio yakiwa mabovu, basi. Shaba ikishatosha, wa bei rahisi na wa laki kadhaa hutofautishi. Nilijaribu sebuleni kwangu Nkuhungu, Dodoma, niliazima waya wa gharama kwa jamaa yangu, dogo anabadilisha mimi nimegeukia ukutani, wimbo uleule na sauti ileile, mara 10, nikapatia 5, yaani ni kubahatisha tu.

Namba moja kwangu ni ule waya laini wa nyuzi nyingi wanaotengenezea ekstensheni, wa njia mbili, shaba tupu, unene wa 1.5 (milimita za mraba) kwa sebule ya kawaida na 2.5 kama spika ziko mbali. Piga hesabu, mita 10 kwenda na 10 kurudi ni mita 20 za shaba, 2.5 inakupa ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme) wa kama omu 0.14, kwa spika ya omu 8 haifiki hata asilimia 2 ya omu za spika. Sasa chukua ule mwembamba wa 0.5 kwa urefu huohuo, unapata omu 0.7 hivi, ukifunga spika ya omu 4 ni zaidi ya asilimia 17, hapo sauti inashuka na besi inalegea kweli. Mimi sivuki asilimia 5.

Namba mbili ni ule mwekundu na mweusi, mzuri sana ukiwa shaba, ila hapa ndo tunapigwa jamani. Nilinunua mita 12 duka moja mjini, nene mpaka raha, miezi michache baadae spika ya kushoto ikawa inakata kata, kufungua nyuma nakuta nyuzi zimekuwa za kijivu, nikikaza skrubu zinakatika kama majani makavu. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alminiamu iliyopakwa shaba! Waya wa hivyo wa 2.5 unafanya kazi ya shaba ya 1.6 hivi, alafu haupendi kukunjwa. Sumaku haikusaidii maana haishiki shaba wala alminiamu, kwaiyo ukienda kununua madukani Majengo mwombe muuzaji akate kipande, kwangua kabla hajapima mita, na usidanganyike na unene wa plastiki, angalia nyuzi zenyewe.

Namba tatu ni waya uliokuja na sabufa kwenye boksi, kama ni chini ya mita 3 endelea kuutumia tu huohuo.

Namba nne waya mgumu wa nyumba. Sauti yake haina kasoro yoyote ila ukiukunjakunja unakatika, na unavuta vishikizo vya spika.

Wa mwisho ni wa laki kadhaa, sio mbaya, ni hela tu inaenda bure. Hiyo hela nunua zulia zito na mapazia, maana nyumba zetu nyingi ni taili chini na kuta tupu, sauti inagonga na kurudi, hilo utalisikia siku hiyohiyo.

Ukifunga, nyekundu iende nyekundu pande zote mbili. Ukigeuza spika moja besi inapotea, na watu wanaenda kununua waya mpya wakati tatizo ni kugeuza ncha mbili tu.