Sonata tatu za mwisho za Schubert: ununue rekodi ya nani?

Kabla hujalipia rekodi ya sonata (utunzi wa piano wenye sehemu kadhaa) D. 960 ya mtunzi Franz Schubert (D. ni namba ya orodha ya kazi zake), tazama urefu wa sehemu ya kwanza. Ukiona dakika 14 au 15, mpiga piano ameruka marudio, yaani hakurudia mwanzo wa sehemu hiyo. Ukiona kama 20, ameyapiga. Usidhani ni suala la saa tu. Kabla ya kurudi mwanzo, Schubert aliandika vipimo (vigawanyo vifupi vya muziki) tisa ambavyo havimo kwingine kokote katika sonata hiyo. Humo ule mtetemo wa noti nzito (noti mbili za chini zinazopokezana haraka), ambao tangu mwanzo umekuwa ukinong'ona mkono wa kushoto, unapasuka kwa nguvu zote. Asiyerudia, amekunyima.

Sonata hiyo ilikamilika Vienna tarehe 26 Septemba 1828, pamoja na ndugu zake D. 958 na D. 959. Tarehe 19 Novemba Schubert alikuwa amefariki, akiwa na miaka 31.

Kwangu mpiga piano wa kwanza ni Mitsuko Uchida. Zote tatu amezirekodi, marudio ameyapiga, na anajua kupiga kwa sauti ya chini bila muziki kulegea. Sikiliza sehemu ya pili ya D. 959: wimbo unaenda taratibu kama mtu anayejibembeleza, kisha katikati unavurugika kabisa. Wengi huharakisha kufika kwenye vurugu hiyo. Yeye huisubiri. Kama pesa inatosha kununua moja tu, nunua yake.

Wa pili Sviatoslav Richter, rekodi ya D. 960 ya mwaka 1972. Sehemu ya kwanza peke yake inakaribia dakika 25! Usianze naye, ukishaizoea sonata, mfuate, maana hutaisikia tena kama zamani.

András Schiff nampa nafasi ya tatu. Anatumia piano iliyotengenezwa Vienna na Franz Brodmann, mnamo 1820, na sauti yake ni nyembamba kuliko ya piano za leo. Ubora wake uko hapo: noti za chini na za juu zina rangi tofauti, na ule mtetemo unasikika kama ngurumo ya mbali. Ila itakubidi ununue albamu mbili, kwani D. 960 imo katika ile ya 2015 na nyingine mbili katika ya 2019.

Krystian Zimerman (2017) ni safi mno, lakini D. 958 haimo.

Alfred Brendel nampenda sana, hasa anavyoupa kila wimbo pumzi yake. Lakini marudio ya D. 960 aliyakataa waziwazi, akiona vile vipimo tisa havifai pale. Ndiyo maana yuko wa tano.

Na tafadhali, usifanye uamuzi kwa spika ya simu. Mtetemo ule uko chini mno, simu itaumeza. Vaa hedifoni.